Chatu Waliolishwa Mara Mbili

2 Juni

Baridi imeingia. Asubuhi vioo vya vyumba vya chatu vilikuwa na ukungu kwa ndani, na Mjomba akasema, "Haya, wameanza kuwaza mapenzi." Husema hivyo kila mwaka, na kila mwaka nacheka.

Naanza kuandika kwa sababu nimechoka kubahatisha. Misimu miwili mfululizo chatu wetu hawajatupa hata mtoto mmoja. Mwaka juzi Bibi Harusi, jike letu kubwa, hakutaga kabisa. Mwaka jana alitaga mayai ya manjano, yamesinyaa, mafu yote. Watu wa ofisi ya wanyamapori wameshasema kwamba kituo kisichoweza kuzalisha chatu wake hakina sababu ya kuwafuga. Msimu huu ukipita hivihivi, watakuja na magari kuwachukua.

Kituo chenyewe ni nyumba mbili za matofali nyuma ya nyumba ya Mjomba. Yeye ndiye aliyekianzisha, kabla mimi sijazaliwa. Mama yangu alikuwa dada yake. Alipofariki, nililetwa hapa nikiwa na begi moja na sijui lolote kuhusu nyoka. Leo nina nywele za mvi na bado nipo. Tunafanya kazi watatu: Mjomba, mimi, na binamu yangu Mrefu, mtoto wa Mjomba, anayefuga sungura wa kuwalisha.

Sijui Mjomba atafanya nini siku akiamka akute vyumba vitupu.

3 Juni

Tumewapima. Bibi Harusi ameongezeka tena. Tulimbeba watu watatu na bado mkia ulikuwa unaburuzika. Mrefu akasema msimu ujao tukodi kreni.

Mimi sikucheka. Ratiba ya kulisha ni ya Mjomba mwenyewe, na ni ratiba nzuri. Majike hula vizuri kabla ya baridi, wapate akiba ya kutengenezea mayai. Baridi ikiingia tunawapunguzia. Dume tunampa kidogo sana, maana dume aliyeshiba hulala tu. Jike aliyekonda hana cha kulipia yai, na jike aliyenenepa kupita kiasi mafuta humjaa tumboni mpaka mayai yakose pa kukaa. Haya yote alinifundisha yeye nikiwa bado navaa sare za shule.

Basi unene huu unatoka wapi?

7 Juni

Upepo. Wanafunzi wamekuja, wamepiga kelele, wameondoka.

12 Juni

Nimempa Maringo sungura mdogo. Maringo ndiye jike wetu wa pili, mdogo kuliko Bibi Harusi kwa kila kitu isipokuwa kiburi. Akishashiba, hata umletee nini, anakigeuzia kisogo. Dume, Mvivu, sikumpa kitu. Nataka aingie msimu akiwa na njaa kidogo.

14 Juni

Mvivu ana uvimbe tumboni. Mkubwa, wa jana au juzi. Amelishwa.

Nilimfuata Mrefu mabandani.

"Nani amemlisha Mvivu?"

Alikuwa anaosha vyombo vya maji vya sungura. Hakugeuka. "Sijui, dada."

"Hujui? Sungura ni wa nani?"

"Ni wangu."

"Basi umemlisha wewe. Umejaza matumbo yao ili mwisho wa juma ukae kwako umenyoosha miguu."

Alimwaga maji ya chombo kimoja. Kisha akasema, "Ukitaka iwe hivyo, sawa."

Jibu hilo lilinipandisha hasira kuliko kama angebisha. Nilimwambia maneno mengi. Nilimwambia kwamba kazi ya baba yake itamfia mikononi. Aliendelea kuosha vyombo.

22 Juni

Baridi kali. Nimekuta sungura mzima, hajaguswa, kwenye chumba cha Maringo. Leo si siku ya kulisha. Sijamsemesha Mrefu kutwa nzima.

Mjomba ameona. "Mmegombana nini, nyie watoto?" Ameniambia nisimkaripie Mrefu mbele ya wageni, si vizuri. Ana moyo mweupe, Mjomba. Hamwoni mtu ubaya.

1 Julai

Tumemwingiza Mvivu kwa Bibi Harusi. Wamelala pembe mbili tofauti kama magunia mawili ya mkaa. Tulipomhamishia kwa Maringo, alizunguka zunguka, akampandia mgongoni, wakasukana mikia. Mjomba alipiga makofi taratibu, asiwashtue.

2 Julai

Bado wamesukana.

9 Julai

Sijui nianzie wapi.

Leo ilikuwa siku ya kumlisha Bibi Harusi, mara ya mwisho kabla ya kumfungia chakula. Nilimpa sungura asubuhi. Mjomba alisimama ubavuni kwangu, tukatazama mpaka miguu ya sungura ikapotelea kinywani. Mjomba akasema, "Basi, huyu tumemalizana naye." Kwa kinywa chake mwenyewe.

Baada ya chakula cha mchana nilirudi kuchukua ndoo. Nikasikia mluzi. Mjomba hupiga mluzi akiwa analisha. Amefanya hivyo maisha yake yote. Alikuwa ndani ya chumba cha Bibi Harusi, ameshika sungura mwingine kwa miguu ya nyuma, anampungapunga mbele ya pua yake. Tumbo la yule nyoka lilikuwa bado limetuna kwa chakula cha asubuhi, lakini alikuwa ameshainua kichwa.

"Mjomba, unafanya nini?"

"Nalisha."

"Si tumemlisha asubuhi? Mimi na wewe?"

Akacheka. "Wewe nawe! Asubuhi nilikuwa sokoni."

Hakwenda sokoni. Soko halifunguliwi leo.

"Mjomba, mtazame tumbo."

Akamtazama. Alimtazama kwa muda, nami nikaona uso wake unabadilika, kama mtu aliyefungua mlango wa nyumba yake akakuta ndani viti vya watu wengine. Kisha akapata jibu, na uso ukarudi.

"Ana mimba huyu," akasema kwa furaha. "Umeona? Nilikwambia msimu huu atatupa mayai."

Nikamtoa sungura mkononi mwake. Hakubisha. Aliniachia kama mtoto anavyoachia kitu ambacho hajui kama amekatazwa. Nikamwambia Anti, mke wake, anamwita ndani, akaenda.

Nilikaa chini sakafuni pale pale, nje ya kioo. Nilikuwa nawaza sungura wanavyokwisha haraka mabandani. Nawaza Mvivu na uvimbe wake. Nawaza misimu miwili ya mayai mafu, na jinsi Mjomba alivyoyatazama mwaka jana akatikisa kichwa na kusema, "Sielewi tunakosea wapi."

Kisha nikamkumbuka Mrefu.

Nilimkuta anafagia. Nikasema, "Ni Mjomba."

Aliendelea kufagia. "Ndiyo."

"Ulijua?"

"Tangu mwaka jana."

"Nimekutukana muda wote huu na wewe umenyamaza?"

Akasimamisha ufagio. "Ulitaka nikwambie nini, dada? Kwamba baba hajui tena amelisha au hajalisha? Baba huyu, ambaye watu wanatoka mbali kuja kumuuliza habari za nyoka?" Akaegemeza ufagio ukutani. "Nilikuwa napita nyuma yake. Nikikuta sungura hajamezwa, namtoa. Kwa Maringo ni rahisi, akishiba hagusi. Hao wengine wawili nikifika wameshamaliza."

Nikamwambia, "Nisamehe."

"Yameisha hayo," akasema. Na alivyosema, niliona kweli yalikuwa yameisha kwake. Labda hayakuwahi hata kuanza. Amechoka tu. Miaka yote nimemchukua binamu yangu kuwa mtu mzembe. Kumbe ni mtu aliyekuwa amebeba mzigo kwa mikono miwili, akashindwa kutupungia mkono.

10 Julai

Nimeongea na Anti. Alikuwa anachambua maharagwe. Nilizunguka mbuyu weee, mwisho nikasema Mjomba siku hizi anasahau.

"Umegundua leo?" akaniuliza bila kuinua macho. "Mimi nalala naye chumba kimoja. Asubuhi anavaa shati juu ya shati. Ananiuliza mama yake amekwenda wapi."

"Mbona hukutuambia, Anti?"

"Kwa sababu akiwa huko kwa nyoka zake anakuwa mzima. Anarudi anaimba. Nikasema, acha awe na mahali pake ambapo bado ni mtu."

Sikuweza kumwambia kwamba hata huko hayuko mzima. Nadhani alisoma usoni mwangu, maana aliacha kuchambua.

19 Julai

Tumempeleka hospitali. Daktari alimuuliza leo ni siku gani. Mjomba akamjibu, "Kwani wewe huna kalenda?" Tukacheka sote, na daktari pia. Kisha daktari akatuambia sisi, pembeni, kwamba maradhi haya hayarudi nyuma.

30 Julai

Tunamfuata kila anapokwenda. Akiingia kwa chatu mmoja wetu anaingia naye. Jana alimlisha Mvivu nilipoenda chooni. Dakika chache tu.

6 Agosti

Tumekubaliana, Anti, Mrefu na mimi. Lazima tuchukue funguo.

7 Agosti

Hakuna aliyezichukua.

8 Agosti

Mrefu alisema hawezi. Anti alisema asiulizwe. Nimezichukua mimi.

Zinaning'inia kwenye mkanda wake upande wa kulia, zimekaa hapo muda mrefu mpaka zimetoboa mifuko ya suruali zake zote. Alikuwa amekaa kibarazani anakunywa chai. Nilipiga magoti mbele yake, nikasema, "Mjomba, naomba funguo." Alidhani nataka kufungua kitu kisha nimrudishie. Akazifungua mwenyewe, akanipa.

"Nitakaa nazo mimi, Mjomba. Upumzike."

Alinitazama. Leo kichwa chake kilikuwa safi, hiyo ndiyo bahati mbaya. Alielewa kila neno.

"Nimekosa nini?" akauliza.

"Hujakosa kitu."

"Mtu hanyang'anywi funguo kwa kutokosa kitu."

Nikamweleza. Nilimweleza polepole, kwa heshima, habari za kulisha mara mbili, habari za mafuta, habari za mayai mafu. Alisikiliza kichwa kimeinama, kama ananisikiliza nikisoma somo alilonifundisha. Nilipomaliza akasema, "Basi miaka miwili hii ni mimi."

Nilizifumbata funguo.

"Ni mimi," akarudia, akaisogeza chai mbali naye.

9 Agosti

Asubuhi amesimama mlangoni kwa chatu, anapapasa mkanda, anatafuta funguo. Hakumbuki ya jana. Nikamfungulia, nikaingia naye.

10 Agosti

Amesimama mlangoni.

14 Agosti

Amesimama mlangoni. Mrefu amemwambia kitasa kimeharibika.

21 Agosti

Baridi inapungua. Tangu tumeshika ratiba vizuri, Mvivu ameanza kubadilika. Anatambaa jioni, anapima kioo kwa ulimi. Tumemrudisha kwa Bibi Harusi. Safari hii hakulala.

22 Agosti

Wamesukana, Mvivu na Bibi Harusi! Nilikimbia kumwita Mjomba. Alisimama mbele ya kioo, akaniwekea mkono begani. Leo alikuwa Mjomba wetu kabisa.

15 Septemba

Joto. Maringo amekataa chakula, ananing'inia karibu na taa ya joto. Amejaa sehemu ya nyuma, kidogo, vizuri. Bibi Harusi naye amejaa, lakini kwake sijui lipi ni yai na lipi ni mafuta. Daktari wa mifugo amempapasa kwa muda mrefu. Alipoinuka alisema, "Tuombe tu atage mapema." Sikupenda namna alivyosema.

28 Septemba

Joto. Amesimama mlangoni.

6 Oktoba

Bibi Harusi ametaga mayai matatu asubuhi. Meupe, mazima, yamebonyea kidogo. Kisha akaacha.

7 Oktoba

Bado matatu. Anajinyonganyonga, anapumzika, anajinyonganyonga tena. Daktari wa mifugo amempiga sindano.

8 Oktoba

Amekufa.

Daktari alijaribu kila alichoweza. Sindano haikufanya kazi, maji ya uvuguvugu hayakufanya kazi, kumkanda hakukufanya kazi. Saa za mchana akasema hakuna namna ila kumpasua. Tulimlaza juu ya meza mbili tulizoziunganisha. Mrefu alishika mkia, mimi nikashika kichwa. Anti alimchukua Mjomba ndani asione.

Nimeona sasa kile nilichokuwa nakiandika tu. Mafuta yalikuwa yamejaa tangu katikati mpaka karibu na mkia, mabonge ya manjano kama sabuni, yamebana kila kitu. Mayai yalikuwa yamekwama nyuma yake, mengine yamepasukia ndani. Daktari alikuwa anayatoa moja moja, mpaka akasimama, akaweka mkono juu ya moyo wa nyoka, ule moyo mdogo uliokuwa unapiga mbele ya macho yetu. Tukautazama unachelewa, unachelewa. Akasema, "Poleni."

Bibi Harusi alikuwa na Mjomba kabla yangu. Aliletwa akiwa mdogo, amejeruhiwa kwa jembe, Mjomba akamshona mwenyewe. Jina alipewa na Anti, ambaye alikuwa ameolewa mwezi huohuo. Alisema kwenye nyumba hii kuna bibi harusi wawili, na huyu wa pili ndiye anayependwa zaidi.

Tulimchimbia nyuma ya mabanda. Mjomba alitoka ndani bila kuambiwa, akachukua koleo. Hakuna aliyemzuia. Alichimba vizuri, kwa nguvu, jasho linamtoka. Alipokwisha kufukia alishikilia koleo, akasema, "Nyoka mzuri sana huyu." Kisha akalia. Sijawahi kumwona akilia, hata mama alipokufa.

Yale mayai matatu ni mafu.

9 Oktoba

Asubuhi, mlangoni, ameniuliza, "Bibi Harusi amekula?"

Nikamwambia amekufa, tulimzika jana. Akalia upya, nikamrudisha ndani.

10 Oktoba

Ameniuliza. Nimemwambia. Amelia.

11 Oktoba

Ameniuliza.

13 Oktoba

Anti amenifuata jikoni, mikono kiunoni. "Utamfisha mara ngapi nyoka huyo? Kila siku unamzika mume wangu pamoja naye. Acha."

"Nimdanganye, Anti?"

"Mdanganye. Uongo huo nitaubeba mimi."

14 Oktoba

"Bibi Harusi amekula?"

"Amekula, Mjomba. Sasa amelala."

Akafurahi. Akaenda kunywa chai yake.

25 Oktoba

Maringo ametaga! Tuliamka tukamkuta amejiviringisha juu ya mayai, ameyafunika yote, kichwa kimekaa juu kabisa kama kofia. Hatujui ni mangapi, hatutaki kumsumbua. Yale yanayoonekana pembeni ni meupe, yamejaa, yameshikana. Mrefu alinikumbatia, jambo ambalo hajawahi kulifanya tangu tukiwa wadogo.

Maringo ndiye pekee aliyekuwa anakataa. Kila chakula cha pili alichopewa aligeuza kichwa. Hiyo ndiyo tofauti yote kati yake na yule tuliyemzika.

26 Oktoba

Amesimama mlangoni. "Bibi Harusi amekula?" Amekula.

4 Novemba

Mvua imeanza. Nimefanya jambo baya.

Jike anayeatamia hali. Anakaa na mayai mpaka yaanguliwe, anaishi kwa akiba yake. Ukimpelekea chakula anaweza kuyaacha mayai, au kuyaponda akirukia sungura. Kila mtu hapa anajua.

Mvua ilikuwa kubwa, nilikuwa naweka ndoo chini ya bati linalovuja, na mlango nilikuwa nimeurudishia tu. Nilipogeuka Mjomba alikuwa ndani ya chumba cha Maringo na sungura mkononi, anapiga mluzi. Maringo alikuwa ameshalegeza mzunguko wa kwanza. Niliyaona mayai.

Nilimvuta Mjomba kwa shati mpaka nje. Shati lilichanika. Sungura akaanguka kwenye maji. Nikapiga kelele, nikasema, "Unataka umuue na huyu? Bibi Harusi umemuua wewe! Umemuua wewe kwa mikono yako!"

Hakuniuliza Bibi Harusi amekufa lini. Alisimama kwenye mvua, shati limechanika bega, ananitazama kama anayejaribu kukumbuka nilikuwa nani wake. Mrefu alikuja akamchukua.

Jioni alikuwa ameshasahau. Tulikula pamoja, akanisogezea kipande kikubwa cha mkate kama kawaida yake. Nilikiacha sahanini.

5 Novemba

Mvua. Maringo amerudi kujikaza juu ya mayai. Mjomba hakuja mlangoni leo.

6 Novemba

Hakuja.

12 Novemba

Hakuja. Anti anasema amekaa tu dirishani, anatazama mvua. Akimwambia aende kwa nyoka wake, anasema, "Kule kuna mtu mkali."

Nimelisoma neno hilo mara nyingi baada ya kuliandika.

25 Novemba

Mvua. Nimempelekea chai. Amenishukuru. Ameniita "mama," lakini huwaita hivyo wanawake wote sasa.

11 Desemba

Mvua. Maringo amekonda, mifupa ya mgongo inaonekana. Bado hajanyanyua kichwa. Nasimama mbele ya kioo namwambia avumilie.

20 Desemba

Leo Mjomba amemuuliza Mrefu, "Wewe kijana, baba yako ni nani?" Mrefu akasema, "Ni mtu wa nyoka." Mjomba akasema, "Ah, mtu mzuri huyo, namfahamu."

2 Januari

Mvua imekatika. Mayai mawili yamebonyea.

9 Januari

Yai moja limechanika! Pua tu, ndogo kama ncha ya kalamu, imetoka, ikarudi ndani.

10 Januari

Wametoka kutwa nzima. Maringo amefungua mizunguko yake mmoja mmoja, amesogea pembeni, ameenda moja kwa moja kwenye maji akanywa bila kupumzika. Mayai manane ni mafu. Ishirini na sita yameanguliwa. Nimemwona Mrefu akihesabu kwa kidole hewani, anakosea, anaanza upya, anacheka machozi yakimtoka.

15 Januari

Mtu wa wanyamapori amekuja, ameona, ameandika. Tunabaki.

Nilipaswa kufurahi zaidi. Nilikwenda nikakaa kwenye rundo la udongo nyuma ya mabanda mpaka Anti aliponiita.

18 Januari

Jua zuri. Nilimwambia Anti amlete Mjomba. Nilifungua milango yote ili asisimame mlangoni. Alikuja amemshika Anti mkono, anaburuza miguu, akasita kwenye kizingiti. Alikuwa anatazama kama kuna mtu ndani. Nikashusha sauti yangu kadiri nilivyoweza.

"Karibu, mzee." Ni mara ya kwanza maishani kumwita hivyo.

"Asante, mama. Sikai sana."

Nilimwekea mtoto mmoja wa chatu mikononi. Nilihofia kwamba angeshtuka. Lakini mikono yake ilijua. Ilimpokea, ikampisha apite kati ya vidole, mkono mmoja unamtangulia mwingine, bila kumbana, bila kumwangusha. Uso wa Mjomba ukalegea wote.

"Wa nani huyu?"

"Wa Maringo."

"Hongera. Wewe ndiye unayewatunza siku hizi?"

"Ndiyo, mzee."

"Unawalisha vipi?"

"Wakubwa mara moja kwa mwezi. Baridi ikikaribia nawapunguzia."

"Vizuri." Akafikiri. "Usiwazidishie. Mtu unawapenda, unadhani hawajala, unawapa tena. Nilikuwa na jike mmoja mimi, mzuri." Akamtazama yule mdogo akijizungusha kwenye dole gumba lake. "Nadhani nilimzidishia. Kichwa changu kilikuwa kinanipotea."

Anti aligeukia ukutani.

"Nina mpwa wangu," Mjomba akaendelea. "Mtoto wa dada yangu. Tulikuwa tunafanya kazi hii pamoja. Alinikasirikia sana kwa ajili ya jike yule, na alikuwa na haki. Unamfahamu?"

"Namfahamu."

"Ukimwona, mwambie aje awaone hawa watoto. Mwambie mimi sina kinyongo naye. Asiogope kuja."

Nikasema, "Nitamwambia."

"Usisahau."

"Sitasahau, mzee."

Akaridhika. Kisha akaona nimekaa na mikono mitupu, akanisogelea, akavikunjua viganja vyangu kimoja juu ya kingine. Akaniwekea mtoto wa chatu katikati, polepole. "Usimbane," akasema. "Mwache apite, wewe mfuate tu. Namna hii." Akaniongoza mkono. Alinifundisha kwa uvumilivu, kama anavyofundishwa mtu ambaye hajawahi kushika nyoka, na mimi nikamwacha anifundishe.